Picha Juu, Maneno Chini

Bi Liao Hsiu-e aliweka bakuli la wali mbele ya Inspekta Kang Wan-ju kabla mgeni hajavuta kiti, kisha akatoa alilokuwa nalo moyoni. Yule mwanamke hakumwiba mwanawe peke yake. Alikuwa na mtu wa kumsaidia, mtu huyo bado yu hai, na yuko hapa hapa Chiayi.

Wateja wa asubuhi walikuwa wameshaondoka na mkahawa ulinukia mafuta ya bata mzinga na vitunguu vya kukaanga. Kang alimfahamu mama huyu tangu faili lake lilipoletwa mezani kwake. Mwana wa Bi Liao, Su Chia-jui, alipotea akiwa na miaka minne katika maandamano ya hekalu, katikati ya ngoma na fataki. Miaka ishirini baadaye kijana mmoja wa Hualien, ng'ambo ya milima, aliingia kituo cha polisi akasema kwamba mama yake, siku za mwisho za ugonjwa, alimkiria kuwa hakumzaa, alimchukua. Vipimo vya damu vilimaliza ubishi. Tien Yao-chung wa Hualien ndiye Su Chia-jui wa Chiayi. Mwizi alikwisha kufa, mtoto alipatikana, na magazeti yalipiga picha mama na mwana wakikumbatiana. Baba hakuwemo pichani. Alifariki majira ya baridi, miezi michache kabla ya habari kufika.

Lililobaki lilikuwa swali la mwendesha mashtaka: je, mwanamke yule alisaidiwa?

"Ukurasa wetu wa mtandaoni upo miaka mingi," Bi Liao alisema. "Kila kitu kimo. Kovu la kidevuni lililopinda kama ndoana. Jina tulilomwita nyumbani. Hekalu, ngoma, shati la njano. Naye anasema alitafuta maneno hayo hayo tangu yuko shule, na hakuuona hata siku moja. Niambie wewe uliyesoma, Inspekta. Hilo linawezekana vipi bila mkono wa mtu?"

Kang alimwambia kwamba hilo ndilo lililomleta. Akauliza nani aliutengeneza ukurasa. Ni Pei-yun, binti yake, dada mkubwa wa aliyepotea. Na nani anautunza kwenye seva yake? Shemeji, Su Kun-shan, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la kompyuta. Jina hilo Bi Liao alilitaja akiwa amekunja mdomo. Kun-shan alijaliwa mabinti tu, alisema, na hakuwahi kumsamehe kaka yake kwa kupata mtoto wa kiume. Siku mtoto alipotolewa nje kwa mara ya kwanza, Kun-shan alituma zawadi, yeye mwenyewe hakutia mguu.

"Wivu," Bi Liao alisema. "Liandike hilo."

Kang aliandika. Mama akaanza kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Jumapili, alisema, Yao-chung anakuja kutia sahihi karatasi za kurudishiwa jina lake, na ameomba ruhusa ya kuja na picha ya yule mwanamke. Anataka kuichomea ubani. Humu humu ndani.

"Anamwita mama, Inspekta. Mbele yangu. Hajui hata anavyonichoma."

"Na wewe anakuitaje?"

"Bi Liao," mama alijibu, akaondoka na bakuli kabla Kang hajamaliza kula.

*

Ou Li-te wa kitengo cha uhalifu wa mtandaoni alikuwa mtu mnene, mpenda mizaha, na meza yake ilijaa makombo ya maandazi ya nanasi.

"Dada mkubwa, kama umeniletea simu nyingine iliyotumbukia chooni, rudi nayo."

Kang alimwekea simu mbili kuukuu. Zilikuwa za Yao-chung, na alizitoa kwa hiari yake. Kumbukumbu za alichowahi kutafuta zilikuwa bado zimo, mwaka baada ya mwaka. Ou aliacha kutafuna akasoma. *Mtoto aliyepotea kwenye maandamano. Kovu kidevuni. Bata Mzinga Mdogo.*

"Bata Mzinga Mdogo ni nini?"

"Jina lake la nyumbani. Wazazi wanauza wali wa bata mzinga. Ndilo jambo pekee alilolikumbuka vizuri."

Ou alitikisa kichwa. Masikini yule kijana, kila alipoandika jina hilo, mtambo wa kutafutia ulimletea mikahawa. Wali wa bata mzinga wa mtaa huu, wali wa bata mzinga wa mtaa ule. Wa kwanza kabisa, karibu kila mara, lilikuwa jiko moja la kupeleka chakula maofisini liitwalo Jiko la Bawa. Ukurasa wa familia haukutokea kwenye orodha hata mara moja.

Akafanya majaribio yake. Kwanza aliangalia kama mwenye tovuti ameuwekea mtambo katazo la kuingia, kwani ipo njia ya kuuambia usisome. Hapakuwa na katazo lolote. Halafu akachukua sentensi nzima kutoka kwenye ukurasa, ile inayoeleza kovu, akaitafuta kama ilivyo. Hakuna. Mwisho akaandika maneno matatu yaliyokuwa kichwa cha ukurasa, *Familia ya Su*, pamoja na anwani ya tovuti. Ukurasa ukatokea papo hapo.

"Kwa hiyo mtambo unaujua," Kang alisema.

"Unalijua jina lake. Kilichomo ndani haukijui."

Ou aliufungua ukurasa kwa ndani, pale ambapo msomaji wa kawaida hafiki, akaanza kuuteremsha. Kilichopita kwenye kioo kilikuwa herufi na tarakimu zisizo na maana, mstari juu ya mstari, bila kikomo. Kidole chake kilichoka. Akaupima uzito, akapiga mluzi.

"Umeona hizi? Hizi ni picha. Kwa kawaida picha hukaa pembeni kwenye mafaili yake, na ukurasa unaziita tu. Ukurasa wenyewe unabaki maneno matupu, mwepesi. Huyu amezigeuza picha kuwa herufi akazishindilia ndani ya ukurasa. Kubwa kubwa, zote juu. Maneno yako chini kabisa."

"Na anayefungua haoni tofauti?"

"Anaona unachelewa kidogo. Analaumu simu yake. Lakini mtambo wa kutafutia hauna subira, dada. Una kurasa za dunia nzima za kupitia. Unapakua faili mpaka kipimo ulichojiwekea, kisha unakata. Kilicho nje ya kipimo ni kama hakijawahi kuandikwa. Unachoingiza kwenye faharasa yako ni kile ulichofikia tu, na watu hutafuta humo kwenye faharasa, hawatafuti kwenye ukurasa wenyewe. Hapa mtambo ulisoma kichwa, ukala picha mpaka ukafika kipimo, ukaondoka."

"Na kovu? Na jina?"

"Yako baada ya mkato. Hayakuingia."

Kang alisogea nyuma ya kiti cha Ou, herufi zikiendelea kupita. Kisha akauliza kama jambo hilo linaweza kutokea kwa bahati mbaya. Ou akasema linaweza sana. Watu huburuta picha na kuzitupa popote, na yeye akiona ukurasa mzito hufikiria uzembe kwanza na ubaya baadaye. Ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili alihitaji nakala za zamani, na nakala za zamani huwa nazo mwenye seva.

"Yaani shemeji mwenye wivu," Kang alisema.

"Nenda naye taratibu. Wivu wa miaka ishirini umeshakuwa mzee, unahitaji heshima."

*

Kabla ya kwenda, Kang aliomba kumbukumbu za kamera za barabara kuu. Zilimpa alichokitarajia na zaidi. Kwa miaka mingi gari la Su Kun-shan lilikuwa likizunguka kisiwa kwenda Hualien, mara moja kila mwezi. Hualien ndiko alikokuwa akiishi mwizi.

Duka lilikuwa jembamba, na nyuma yake kulikuwa na pazia. Nyuma ya pazia mke wa Kun-shan alikuwa akipanga maboksi. Kun-shan mwenyewe, mwanamume mkavu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliketi nyuma ya kaunta akajibu kila swali kwa neno moja, mpaka Kang alipofika Hualien.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Biashara."

"Ya nini?"

"Kompyuta."

"Mteja wako nani?"

Kun-shan alitazama pazia. Akachukua kalamu, akaandika jina la mwanamke kwenye kipande cha risiti, akakisukuma upande wa Kang.

"Ana duka la chai," alinong'ona. "Ni mjane. Nakuomba, Inspekta, punguza sauti."

Nyuma ya pazia maboksi yaliacha kusogezwa.

Kang alikitia kipande kile mfukoni. Mwenye duka la chai, alipopigiwa simu baadaye, alithibitisha yote kwa aibu nyingi. Jina la Tien hakuwahi kulisikia, na mtaa aliokuwa akiishi mwizi ulikuwa mwendo mrefu kutoka kwake. Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale kaunta Kang aliuliza swali la pili, lile la wivu, na hapo Kun-shan alimshangaza.

"Ndiyo, nilimwonea kaka wivu. Wanamwambia kila mtu, kwa nini nikane? Mtoto alipozaliwa sikupata usingizi. Alipopotea nikajichukia, nikazunguka mji mzima na kipaza sauti mpaka sauti ikakauka. Andika yote mawili. Watu huandika moja tu."

Kang akamwuliza kuhusu ukurasa.

"Ule? Ule ni mzigo. Nilimwambia Pei-yun zaidi ya mara moja. Nikasema, mwanangu, hizi picha zitoe, ziweke pembeni, nitakusaidia sasa hivi. Alinijia juu. Akaniambia picha za ndugu yake zisiguswe na mtu."

"Labda hajui namna ya kuzitoa."

Kun-shan alicheka kwa mara ya kwanza. "Pei-yun? Wateja wangu wasumbufu nampelekea yeye. Umeona ukurasa wa Jiko la Bawa? Hilo ni jiko lake na mumewe. Mwepesi kama karatasi ya sigara, na kila mtambo wa kutafutia unauweka wa kwanza."

Kang alimwomba alirudie jina la jiko hilo. Alilirudia. Kisha akampa nakala zote za zamani alizokuwa nazo, bila kuuliza sababu, na alipokuwa akizifunga kwenye bahasha mke wake alitoka nyuma ya pazia akasimama, mikono kiunoni, akisubiri mgeni aondoke.

Ou alizipitia nakala hizo siku hiyo hiyo. Hakutania alipopiga simu. Miaka ya mwanzo ukurasa ulikuwa kama inavyotakiwa, alisema. Picha pembeni, maneno juu, na kichwa chake kilitaja kila kitu: mtoto aliyepotea, Chiayi, kovu, Bata Mzinga Mdogo. Kisha, katika wiki moja ya Oktoba miaka tisa nyuma, ukageuka wote. Picha zikashindiliwa ndani, maneno yakashushwa chini, kichwa kikafutwa kikawa *Familia ya Su*. Kazi ya mkao mmoja, mtu mmoja, neno la siri moja.

"La nani?"

"Unajua la nani, dada mkubwa. Yao-chung alianza kutafuta mwaka uliofuata."

*

Pei-yun alikuwa peke yake jikoni, nywele zimefungwa kwa wavu, akipanga masanduku ya karatasi kwenye meza ya chuma. Mumewe alikuwa ametoka kupeleka chakula. Alimkaribisha Kang kwa adabu, akampa kigoda, akaendelea na kazi. Alikuwa na mikono myepesi: wali, nyama iliyochambuliwa, kijiko cha mafuta, kipande cha figili ya njano, kifuniko.

Kang alimwuliza kama anajua kwa nini ukurasa wa ndugu yake haukuonekana mtandaoni. Pei-yun akasema mambo hayo ya mitambo hayajui, yeye ni mpishi.

"Jiko la Bawa nani alilitengenezea ukurasa?"

"Mimi. Kitu kidogo tu."

"Kidogo kweli. Maneno juu, picha pembeni. Umejua wapi kwamba ndivyo inavyotakiwa?"

"Niliona mahali."

"Kabla au baada ya kuubadilisha ukurasa wa Chia-jui?"

Pei-yun alifunika sanduku. Akachukua jingine, akalifungua, halafu akabaki amelishika, hatii kitu.

"Nina nakala za kabla na za baada," Kang alisema. "Nina wiki yenyewe, na neno la siri lililotumika. Mwendesha mashtaka anatafuta mtu aliyemsaidia mwizi. Anayeuficha ukurasa wa mtoto aliyeibwa, kwa kawaida ndiye huyo."

"Yule mwanamke simjui." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikuwa na miaka kumi na moja alipopotea. Nilikuwa nimeushika mkono wa mama, yeye alikuwa ametoka kuteremshwa mabegani kwa baba."

"Basi niambie. Wiki ile kulitokea nini?"

"Niliolewa."

Kang aliandika.

"Meza zimejaa. Tumeshakula supu, mpiga picha anapanga viti. Simu ya baba ikalia. Mtu wa Pingtung, kusini huko, amesoma ukurasa wetu, ameona mvulana mwenye kovu kidevuni. Baba akalitoa ua kwenye koti, akaliweka mezani, hivi. Mama akaniambia watarudi kabla matunda hayajaletwa." Aliliweka sanduku chini. "Hawakurudi. Mama mkwe aliniuliza mbele ya watu kama mimi ni mtoto wa kuokota."

"Na yule mvulana?"

"Alikuwa amejikata akinyoa ndevu."

Friji kubwa iliguruma ikanyamaza. Pei-yun aliendelea bila kuulizwa. Kesho yake mama alimpigia simu. Alikimbilia kuipokea, akidhani anataka kumwomba radhi. Mama alisema ukurasa umezaa matunda safari hii, imebaki kidogo tu, na kwa hiyo aongeze picha. Picha nyingi, zionekane vizuri.

"Alitaka picha. Nikampa picha."

"Ulijua mtambo utakata?"

"Nilijua."

"Ulitaka asipatikane."

"Nilitaka simu ziache kulia. Mwezi mmoja, nilijiambia, kisha nitaurudisha. Simu zikapungua, halafu zikakatika. Mama akaanza kuja hapa Jumatano, tunapika pamoja. Baba akanifundisha kuchambua nyama kwa mikono, kitu ambacho siku zote alisema atamfundisha Chia-jui. Nikawa na wazazi, Inspekta. Mwezi ulipokwisha nikasema mmoja tena." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Hata hapo ilikuwa Chia-jui tu. Siku ya kuzaliwa kwake kuna bakuli lake mezani. Siku yangu mama alikuwa akisema, laiti angekuwepo. Utashindana vipi na mtu ambaye hayupo? Hakosei, hakui, hajibu vibaya."

Kang alitoa karatasi moja aliyochapiwa na Ou akaiweka kwenye meza ya chuma. Yalikuwa matokeo ya utafutaji kutoka kwenye simu kuukuu ya Yao-chung. Juu kabisa, chini ya maneno *Bata Mzinga Mdogo*, palikuwa na Jiko la Bawa na picha ya Pei-yun akitabasamu, wavu kichwani.

"Aliandika hivyo kwa miaka minane. Karibu kila mara ulitokea wewe."

Pei-yun aliitazama karatasi bila kuigusa. Kisha akaketi kwenye gunia la mchele.

Alipoweza kusema aliuliza kama atafungwa. Kang alimwambia ukweli: kuweka picha juu ya maneno hakuna kifungu chake. Ataandika kwamba mwizi hakusaidiwa na mtu. Lakini ataandika pia ukurasa ulifichwa na nani na kwa nini, na mama ana haki ya kuisoma taarifa hiyo.

"Nipe mpaka Jumapili," Pei-yun alisema. "Nitasema mwenyewe."

"Jumapili nitakuwepo na karatasi za jina. Usiposema, nitasema mimi."

Kang alipofika mlangoni aligeuka. Pei-yun alikuwa ameshafungua kompyuta kwenye kona ya meza, katikati ya masanduku yaliyo wazi, na picha za mtoto zilikuwa zikitoweka kwenye ukurasa, moja baada ya nyingine. Kang alimwambia hakuna tena wa kuutafuta. Pei-yun aliendelea kufuta.

*

Jumapili mkahawa ulifungwa. Bi Liao alikuwa ameipanga upya madhabahu ndogo ya ukutani. Picha ya marehemu mumewe ilikuwa katikati, mshumaa huku na huku, machungwa mbele, na hapakubaki nafasi ya kuweka hata kikombe. Yao-chung alikuja na picha ya yule mwanamke imefungwa kwenye kitambaa. Aliiona madhabahu, akaelewa, akaketi na picha mapajani bila kuifungua.

Kang alipanga karatasi zake mezani. Kabla hajaeleza mahali pa kutia sahihi, Pei-yun alisimama. Alisema akiwa wima, mikono imeshuka, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alieleza picha na maneno, mtambo na mahali unapokata, akaeleza kwamba haikuwa bahati mbaya. Hakuongeza udhuru. Yao-chung alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mara moja tu aliuinua uso, pale aliposikia Jiko la Bawa, akamtazama dada yake kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

Bi Liao alikuwa amekaa hajasogea.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoondoka harusini kwangu."

"Baba yako alikuwa akiufungua ukurasa ule kila asubuhi, kuangalia kama kuna aliyeandika." Mama alisema taratibu, kila neno peke yake. "Amekufa na simu mkononi."

"Najua, mama. Mimi ndiye niliyeitoa mkononi mwake."

Nje pikipiki ilipita, ikasimama, ikaondoka tena ilipoona mlango umefungwa. Kang alidhani kijana atainuka aende zake, na alishaanza kufikiria usafiri wa kurudi Hualien. Yao-chung hakuinuka. Aliitazama picha ya madhabahuni, ile ya kitambulisho, yenye uso mkavu na shingo ngumu.

"Baba nimemwona kwenye hiyo tu," alisema. "Kwenye harusi lazima alivaa vizuri. Naomba nizione picha za harusi."

Pei-yun alimtazama Inspekta, kana kwamba yeye ndiye mwenye ruhusa. Kisha akapanda ngazi ya nyuma hadi chumba alicholala alipokuwa msichana, akarudi na albamu nyekundu ambayo mgongo wake haukuwahi kupinda. Akaiweka mezani juu ya karatasi za jina. Yao-chung aliifungua kwa uangalifu. Kulikuwa na bibi harusi, meza za mviringo, samaki mzima kwenye sahani ndefu, wakwe waliokaa wameshikamana. Alipofika kwenye picha kubwa ya familia alipitisha kidole usoni kwa wanaume, mmoja mmoja, akilinganisha na ile ya ukutani.

"Baba ni yupi?"

Pei-yun aligeuka akamtazama mama.

"Hayumo," Bi Liao alisema. "Alikuwa Pingtung. Alikuwa anakutafuta wewe."

Kidole cha kijana kilibaki pale kilipokuwa. Bi Liao aliondoka upande wake wa meza, akaja akasimama nyuma ya wanawe wawili, akainama kuangalia. Albamu hiyo ilikuwa ndani ya nyumba yake miaka tisa, na hakuwahi kuifungua. Aliiangalia picha kubwa kwa muda mrefu, kisha akaonyesha viti viwili kando ya bibi harusi, ambapo mwanamume na mwanamke wa makamo walikuwa wamekaa wamenyooka, wakitabasamu kwa wasiwasi.

"Hawa waliokaa kwenye viti vyetu ni kina nani?"

"Wenye duka la nguo nilizokodi," Pei-yun alisema. "Walikuwa wamekuja kuchukua gauni. Niliwaomba wakae kidogo, nisionekane sina watu."

Mama alivuta kiti akaketi karibu na binti yake, macho bado yako kwenye picha. Kang alizitoa karatasi chini ya albamu, zikiwa hazina sahihi hata moja, akazirudisha mkobani, akatoka bila kuaga.